Mtungi wa gesi ni nishati safi, lakini si jadidifu

Mtungi wa gesi si nishati jadidifu. Naanza na hilo kwa sababu kila panapogawiwa mitungi na majiko lazima atokee mtu ashike kipaza sauti na kutangaza kwamba wananchi sasa "wanahamia kwenye nishati jadidifu". Waandishi wa habari nao hulibeba hivyo hivyo, na jioni tunalisikia kwenye taarifa ya saa mbili.

Maana yenyewe haina ugumu. Nishati huwa jadidifu pale chanzo chake kinapojirudishia chenyewe kwa kasi isiyozidiwa na matumizi yetu: jua, upepo, maji ya mito, jotoardhi, samadi, mabaki ya mazao. Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia havimo, kwa kuwa vimechukua mamilioni ya miaka kutengenezeka na sisi tunavimaliza kwa vizazi vichache tu.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Inapatikana kwenye usafishaji wa mafuta ghafi na uchakataji wa gesi asilia, na ya kwetu Tanzania inakuja kwa meli. Washa jiko la mtungi wa kilo 6 na sufuria halipati masizi, macho hayawashi, mtoto aliyebebwa mgongoni hakohoi. Hapo ndipo neno "safi" linapofanya kazi yake: linaangalia kinachotoka jikoni, haliulizi kilikotoka. Na si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020 pekee. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na gesi imo ndani yake kihalali kabisa. Soma jina la mkakati wenyewe uone neno lililotumika.

Kuna wanaojitetea kwamba gesi asilia ya Songosongo na Mnazi Bay ni ya kwetu, haiagizwi nje. Kweli, na imetuokoa mara nyingi tangu ya Songosongo ilipoanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Lakini kuwa ya kwetu ni habari ya umiliki. Kisima kikiisha kimeisha, awe mwenyewe nani.

Sasa geuza upande wa pili, maana hapa ndipo watu wanaponuna: kuni zinaweza kuwa nishati jadidifu. Mkaa pia. Moshi wake ni ule ule, madhara ya kifua ni yale yale, lakini mti huota tena, na swali la ujadidifu ni hilo tu: je, unaachwa uote?

Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, Morogoro, waliamua kulijibu swali hilo kwa vitendo. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, kinachopakana nacho hakiguswi, hivyo ukiuangalia msitu kwa juu unaona kama ubao wa drafti. Miti hukatwa na visiki huachwa ardhini, kwa sababu miti mingi ya miombo huchipua kwenye kisiki, na machipukizi yenye mizizi iliyokwisha kukomaa hukua haraka kuliko mche uliopandwa. Mzunguko wa kuvuna ulipangwa kuwa miaka 24. Mkaa wa mpango wa namna hiyo, ukifuatwa kweli, ni jadidifu. Gunia la lumbesa lililotoka kwenye pori lililofyekwa lote na kugeuzwa shamba si jadidifu, ingawa mti ni wa aina ile ile na tanuri ni la udongo lile lile. Ukiyaweka magunia hayo mawili pamoja barabarani hutayatofautisha.

Ndiyo maana nasisitiza kasi. Hata jotoardhi la Olkaria, kule Naivasha, Kenya, linalozalisha umeme tangu 1981, lina mipaka yake: mvuke ukivutwa kupita kiasi, mgandamizo wa visima hushuka. Kwa hiyo sehemu ya maji hurudishwa chini kupitia visima maalumu, na visima vipya huchimbwa kufidia vilivyochoka.

Jadidifu wala si ahadi kwamba umeme hautakatika. Maji ya mto ni jadidifu, na bado mgao wa 2022 na 2023 tuliula vizuri mvua zilipogoma. Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 linategemea Rufiji ipate maji, kama Mtera inavyoitegemea Ruaha Mkuu.

Faida ya kweli ya vyanzo hivi, mbali na kupunguza hewa ya ukaa, mara nyingi husahaulika: upepo hauna bei ya kupanda. Kwenye ankara ya umeme Kenya kuna tozo ya gharama ya mafuta, na huwauma wateja zaidi pale mitambo ya dizeli inapotumika sana. Mitambo 365 ya upepo iliyoko karibu na Ziwa Turkana, megawati 310 kwa jumla, haina cha kuongeza kwenye tozo hiyo. Ina deni la ujenzi, ina matengenezo, lakini haisubiri meli ya mafuta.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeandaa bango la ugawaji wa mitungi, andika "nishati safi ya kupikia" na hakuna atakayekuhoji. Jadidifu mwachie yule mfugaji anayepikia bayogesi ya samadi ya ng'ombe wake; huyo hata ukimwandikia maneno yote mawili, anastahili.