Shida baada ya baraka si ushahidi wa dhambi

Mama akipata mtoto baada ya kungoja miaka, kisha mtoto akaugua, hakosi wa kumnong'oneza: “Baraka ile haikuwa ya Mungu,” au “Kuna mlango umeufungua,” yaani dhambi yako ndiyo iliyoleta shida. Maneno haya huumiza kuliko ugonjwa wenyewe, na Biblia haiyaungi mkono.

Tusome 2 Wafalme 4. Mwanamke wa Shunemu hakuomba mtoto. Nabii Elisha ndiye aliyemwahidi, naye akazaa. Siku moja ya mavuno mvulana akalalamika kichwa, akapakatwa na mamaye hadi adhuhuri, akafa. Mama akamlaza kwenye kitanda cha nabii, akatandika punda, akaenda mpaka mlima Karmeli alikokuwa nabii, akamshika Elisha miguu. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alitaka kumsukuma. Elisha akamzuia: mwache, nafsi yake ina uchungu, na Bwana amenificha jambo hili.

Hapo ndipo ninapopapenda. Nabii mwenyewe anakiri hajui sababu, wala hamuulizi mama ametenda dhambi gani. Naye mama hakumung'unya maneno. Aliuliza kama yeye ndiye aliyeomba mwana. Kulalamika kule hakukuwa kupoteza imani, maana alikataa kuondoka bila Elisha.

Mtoto alifufuka. Lakini shida hazikuishia hapo: sura ya 8 inaonyesha njaa ya miaka 7 ikimhamishia yeye na nyumba yake nchi ya Wafilisti, na aliporudi ikambidi amlilie mfalme ili arudishiwe nyumba na shamba lake.