Bungua wa mahindi: vile vifuko vyeupe si mayai yake

Msimu huu malalamiko kutoka miteremko ya Kilimanjaro ni mengi: bungua, viwavi wa nondo wanaotoboa mashina ya mahindi, wamezidi, na dawa "haiui". Mara nyingi dawa haina kasoro. Kiwavi akishatoboa shina na kuingia ndani, hakuna dawa ya kupulizia itakayomfikia, na hili tumelisema hadi sauti imekauka.

Bungua wa madoa, Chilo partellus, ni mgeni kutoka Asia anayependa joto la tambarare. Bungua mwingine, Busseola fusca wa hapa Afrika, hustawi kwenye baridi ya juu. Joto likipanda, Chilo hukua upesi, huongeza vizazi na kusogea mlimani. Adui yake, nyigu mdogo Cotesia flavipes anayetaga mayai ndani ya kiwavi, aliletwa kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Naye ana joto linalomfaa, kwa hiyo si lazima apande kwa kasi ileile. Tena, akitaga ndani ya Busseola, chembe za damu za kiwavi huyazingira mayai yake yakafa. Huko juu kazi ya kumuua bungua ni ya Cotesia sesamiae, nyigu wa kienyeji.

Nyigu humfuata kiwavi kwa harufu ya mmea ulioliwa. Baadhi ya mbegu za asili huanza kuitoa nondo akitaga tu, kabla hata jani halijaguswa. Mbegu chotara nyingi hazina uwezo huo. Hatusemi uache chotara. Panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari imfukuze nondo, na matete (majani ya tembo) pembezoni yamvute.

Pasua shina moja. Ukikuta kiwavi amelegea, pembeni yake rundo la vifuko vyeupe vidogo kuliko punje za mchele, humo wamo nyigu. Watu huviponda kwa kisigino wakidhani ni mayai ya bungua! Liache shina hilo shambani, kivulini.

Ukilazimika kununua kiuatilifu, nenda kwa muuzaji mwenye kibali. Soma lebo: namba ya usajili, namba ya toleo (batch), tarehe ya mwisho wa matumizi. Lakiri isiwe imefunguliwa. Dai risiti na uitunze pamoja na kifungashio. Bila hivyo malalamiko yako ni vigumu kuyafuatilia. Kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda haina lebo wala namba ya kuthibitisha usajili wake. Ukiuziwa hivyo, mjulishe afisa ugani wa kata, ukitaja duka na siku uliyonunua, na umpelekee chupa yenyewe ikiwa imefungwa vizuri.