Kusoma mchoro wa pwani wa kiimpreshonisti

Impreshonizimu ni mtindo wa uchoraji uliozuka Ufaransa katika karne ya 19. Mchoraji wake haorodheshi kila kilichokuwa mbele yake; anaweka kwenye turubai namna mwanga ulivyomfikia machoni kwa wakati ule. Ndiyo maana ukiusogelea mchoro wa ufukwe wa mtindo huu unaona madoa na michirizi tu ya brashi. Rudi nyuma hatua chache, na michirizi ileile inakuwa mawimbi.

Jina lenyewe limetoka baharini. Mwaka 1872 mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora bandari ya Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, alfajiri, na mchoro huo ukaitwa Impression, soleil levant, yaani picha ya jua linalochomoza kama ilivyomjia mtazamaji mara moja. Ulipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mhakiki Louis Leroy alilichukua neno Impression kuwakejeli wachoraji wa maonyesho yale. Nao baadaye wakalikubali.

Kwa hiyo, mbele ya mchoro kama huu, usianze kwa kuuliza hapa ni wapi. Uliza ni saa ngapi. Tazama vivuli: mara nyingi si vyeusi, ni vya bluu au zambarau, kwa sababu hata kivulini mwanga wa anga unafika. Tazama maji, ambayo hubeba rangi za kilicho juu yake. Miaka ya 1880 Monet alirudi tena na tena kwenye majabali ya Étretat, kwenye pwani hiyohiyo ya Ufaransa. Jabali halikuhama, lakini michoro haifanani.

Kuna jambo kwenye ule mchoro wa Le Havre ambalo bado linanishangaza. Lile jua la rangi ya chungwa linaonekana kuwaka, ilhali mng'ao wake unakaribia kulingana na wa anga linalolizunguka. Ukiitazama picha yake isiyo na rangi, jua karibu linapotea. Kinacholitenga na ukungu ule wa bluu na kijivu ni rangi peke yake.

Wengi hukimbilia mafumbo: mashua ni safari ya maisha, upeo ni matumaini. Mimi ningesubiri kwanza. Katika mchoro wa Le Havre, mashua ile nyeusi iliyo mbele, iliyochorwa kwa mipigo michache ya brashi, inalipatia jicho mahali pa kuanzia, na kwa kuilinganisha na zile zinazofifia nyuma yake ndipo unapohisi ukungu ulivyo mzito.