Mkazo wa Kiingereza haufuati Kiswahili

Hapa Kigoma wanafunzi wangu wa tuisheni wakisoma "vegetable" nasikia "vejitébo", na "comfortable" inatoka "komfotébo". Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile, na juzi nimelipata hata kwa mzazi: mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa Kiswahili, sawa. Kigóma, Ujíji, Kasúlu. Hata sóko ikiwa sokóni, mkazo unasogea ili ubaki palepale pa pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina mkataba huo. "Vegetable" na "comfortable" zina mkazo mwanzoni kabisa, VEG na COM, na silabi zinazofuata humezwa hadi kwa kawaida zinasikika tatu tu kwa jumla.

Ukishawaambia hivyo, wanakimbilia upande wa pili: basi hakuna kanuni, tukariri. Jamani! Anzeni na mkia wa neno, nimesema mpaka nimechoka. Viambishi -tion, -ic na -ity huleta mkazo kwenye silabi inayovitangulia. "Educate" ina mkazo ED, "education" umehamia CA. "Photograph" ni PHO, "photographic" ni GRAPH. "Electric" ni LEC, "electricity" ni TRIC. Lakini -ness, -ful na -ment kwa kawaida haviusogezi: "develop" na "development" zote ni VEL. Yapo maneno kaidi, kama "Arabic" na "Catholic", yenye mkazo mwanzoni; hayo ndiyo ya kukariri.

Kuhesabu herufi za irabu ili kupata silabi nako hakufai. "Beautiful" ina herufi tano za irabu na silabi tatu. "Strengths", pamoja na urefu wake wote, ni silabi moja. Hesabu sauti, achana na herufi.

Kukata kiambishi kila unapoona un- mwanzoni? "Unhappy" kata. "Uncle" na "under" ziache, hakuna kiambishi humo.

Halafu kamusi. Vinukta vinavyogawa neno katika baadhi ya kamusi huonyesha pa kulikatia mstari ukiisha, na si lazima vilingane na matamshi. Matamshi yako kwenye mabano ya mshazari (/ /), na kile kijistari cha juu (ˈ) kinawekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi wenu mnakisoma kama kimewekwa baada yake.