Vinili Inashika Rangi: Tatizo ni Unene na Mkunjo

"Vinili haikubali rangi, kwa hiyo ipige puraima (rangi ya msingi) nene kwanza." Ushauri huu hautaki kufa, na ndio unaoharibu minyororo mingi ya vifaru vya modeli kuliko kosa lingine lolote. Puraima nene ndiyo hasa inayopasuka.

Rangi hubanduka kwa sababu tatu. Ya kwanza ni mafuta ya kalibu, na hayo yanaondoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani. Suuza, kausha, pitisha kitambaa chenye spiriti, basi.

Ya pili ni kilainishi kilichomo ndani ya vinili yenyewe. Bila hicho mnyororo ungekuwa mgumu kama bomba la maji. Kilainishi hakitulii: hutoka polepole na kuingia kwenye chochote kinachogusana nacho. Rangi ya enameli ikiwekwa moja kwa moja juu ya vinili laini inaweza kubaki ikinata kwa miezi. Kilainishi hichohicho hula magurudumu ya plastiki, ndiyo maana seti ya zamani ukiifungua unakuta mnyororo umezama ndani ya gurudumu kama umeyeyushwa. Hifadhi minyororo kwenye mfuko wake peke yake, na magurudumu yapake rangi mpaka ukingoni kabla ya kuyavalisha minyororo.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ni mkunjo. Mnyororo ukipakwa rangi ukiwa umenyooka mezani, kisha ukazungushwa kwenye gurudumu la meno, uso wa nje unavutika. Tabaka jembamba la akriliki linafuata mvutano huo. Tabaka nene halifuati. Linapasuka katikati ya pingili (vipande vinavyounda mnyororo), kisha linaanza kuchanika vipande vipande. Kuongeza puraima hapo ni kuongeza kile kinachopasuka.

Kwa hiyo unganisha mnyororo kwanza. Ule wa vinili laini nyeusi una vipini vidogo vinavyopita kwenye matundu. Vipondeponde kwa ncha ya bisibisi iliyopashwa moto, bila kugandamiza sana, maana ukizidisha unakata kiungo. Mnyororo wa plastiki ya DS wa kampuni ya modeli ya Dragon, na ule wa kampuni ya Tamiya wa kizazi kipya, unakubali gundi ya kawaida ya plastiki. Ukiwa na mashaka, weka tone la gundi kwenye ncha ya ndani isiyoonekana. Plastiki ikilainika na kunata, ni aina mpya. Gundi ikikauka bila kufanya lolote, shika bisibisi. Ile ya aina mpya usiiloweshe kwa tepentaini ikiwa imevutwa, kwani plastiki iliyo kwenye mvutano hupasuka ikiguswa na viyeyushi.

Kata kadibodi kwa umbo la magurudumu yote kutoka mbele hadi nyuma, ivalishe mnyororo, kisha pulizia rangi mnyororo ukiwa katika umbo hilo. Rangi itakauka ikiwa tayari imekunjwa pale itakapokunjwa. Natumia akriliki ya Tamiya, sehemu 2 za rangi kwa 3 za thina ya X-20A, hewa ya shinikizo la psi 15 hivi, matabaka 3 mepesi yenye kupishana dakika 15. Puraima ukiitaka, chukua ya akriliki yenye poliyurethani, kwa sababu inavutika, na uiache siku nzima ikauke. Puraima ya lakeri ya kopo ni ngumu mno kwa kazi hii. Bado kuna vinili itakayonata hata baada ya haya yote, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine. Jaribu kwanza kwenye pingili za ziada.

Sasa rangi yenyewe, na hapa subira yangu inaisha haraka. Mnyororo si kahawia ya kutu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuma cha kifaru kinachotembea kinasuguliwa kila siku, na kinachobadilika ni mahali gani kinasuguliwa. Anza na rangi ya Tamiya XF-84 (chuma cheusi), au XF-1 (nyeusi) iliyochanganywa na XF-64 (kahawia nyekundu) kidogo, kisha jiulize: chuma kinagusana na nini?

Tiger I wa mwanzo, kifaru cha Wajerumani, alikuwa na magurudumu yenye mpira ukingoni. Mpira hufuta kutu lakini haung'arishi chuma, hivyo njia ya ndani inakuwa kijivu kilichofifia. Tiger wa 1944 mwenye magurudumu ya ukingo wa chuma anastahili mistari miwili inayong'aa kabisa. Mtu akipaka Tiger wa Tunisia kwa mistari ya fedha upande wa ndani, amepaka kifaru kingine. Pembe za kuongoza (zile zinazochomoza upande wa ndani wa mnyororo) zinang'aa ubavuni, na uso wa nje unang'aa pale tu unapokanyaga.

Kwa Sherman, kifaru cha Wamarekani, mwenye mnyororo wa aina ya T48, pedi ni mpira. Usiweke fedha juu yake hata kidogo! Tumia XF-85 (nyeusi ya mpira) na vumbi, kisha fedha ibaki kwenye viungo vya chuma vya pembeni. Mwenye mnyororo wa T54E1 ana pedi za chuma, na hapo penseli laini ya 4B ikipitishwa juu ya kingo zake zenye umbo la V inatosha. Haina unene wa kupasuka.

Mwisho ni kulegea. Juu ya Tiger mnyororo hulala kwenye magurudumu, kwa kuwa hana roli za kuurudisha. Sherman anazo, hivyo wake unakaa karibu umenyooka. Vinili haina uzito wa kulala yenyewe. Funga kwa uzi mweusi wa kushonea kuzunguka mhimili wa gurudumu, au tumia tone la supaglu. Rangi ikichubuka unapofunga, gusa mahali hapo tu kwa brashi namba 0 na rangi ileile iliyozimuliwa. Ukipulizia mnyororo mzima upya, unarudisha ule unene uliokuwa umeukwepa.