Je, wajua kwa nini huioni aproni kwenye mchoro wa Gorky?

Jumba la sanaa la Seattle, Marekani, lina mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 1944 ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Jinsi aproni ya mama yangu iliyotariziwa inavyokunjuka maishani mwangu". Simama mbele yake uitafute hiyo aproni. Utachoka. Hakuna kamba, hakuna mfuko, hata mama mwenyewe hayupo. Kuna mabaka ya rangi nyepesi, mistari inayotangatanga, na michirizi iliyoteremka chini kama ukuta uliolowa mvua.

Aliyeuchora aliitwa Arshile Gorky, ingawa jina hilo hakupewa na mzazi yeyote. Alizaliwa Vostanik Adoian karibu mwaka 1904 katika kijiji cha Khorkom, kando ya Ziwa Van, ambako leo ni Uturuki. Waarmenia walipoanza kuangamizwa mwaka 1915, familia yake, nayo ya Kiarmenia, ilikimbilia Yerevan, ambao leo ni mji mkuu wa Armenia, na huko mama yake, Shushan, akafa kwa njaa mwaka 1919. Mwaka uliofuata kijana akaingia Marekani, na baadaye akajiita Gorky, akidai ni ndugu wa mwandishi Mrusi Maxim Gorky. Kichekesho ni kwamba hata kwa mwandishi huyo "Gorky" lilikuwa jina la kujipachika. Kwa Kirusi maana yake ni "chungu".

Sasa aproni. Mwenyewe alisimulia kwamba utotoni alikuwa akiukandamiza uso wake kwenye aproni ya mama, macho kayafumba, huku mama akimtolea hadithi. Hadithi na maua ya tarizi vikachanganyikana kichwani mwake. Nguo uliyoijua kwa pua na mashavu, utaichora kwa umbo gani?

Mbinu ya kuichora ilitokana kwa sehemu na Roberto Matta, msanii wa Chile aliyemhimiza azimue rangi kwa tapentaini. Fundi rangi yeyote wa mtaani anajua: ukizidisha tina, rangi inachuruzika ukutani na mwenye nyumba anakuja juu. Gorky aliiacha ichuruzike. Rangi ya namna hiyo haikusubiri ufikirie, na hilo liliwafurahisha Wasurealisti, kundi la wasanii na waandishi lililoongozwa na Mfaransa André Breton, waliokuwa wakiamini kwamba mkono ukiachiwa uende bila akili kuusimamia, yaliyozama ndani ya nafsi yataibuka yenyewe.

Hapo mimi nasita kidogo. Michoro yake kadhaa ya miaka hiyo aliianza kwa penseli kwenye karatasi, akaipigia miraba ya kupimia, ndipo akaihamishia kwenye turubai mraba kwa mraba. Mtu anayepima kwa miraba hajaota tu akaamka na mchoro. Ameirudia ndoto yake mpaka mkono ukaizoea.

Ipo pia picha ya kamera iliyopigwa Van mwaka 1912: mama ameketi, mtoto amesimama pembeni, na aproni ya mama ina maua. Gorky aliitumia picha hiyo kuchora sura za wawili hao, kazi aliyoishughulikia kwa miaka mingi kuanzia 1926. Humo aproni ipo, kubwa, nyeupe, bila ua hata moja. Maua yalikuja kuchipuka mwaka 1944, na safari hii aproni ndiyo haikuwepo.