Mkakati wa kupambana na ugaidi ndo nini hasa

Juzi kijiweni Ujiji, hapa Kigoma, tunakunywa kahawa, redio ikataja mkakati wa kupambana na ugaidi, dogo mmoja akadakia "si ndo kuongeza mabunduki tu?" Wazee wakacheka ila hakuna aliyemjibu, ngoja nijaribu.

Ugaidi ni kudhuru raia makusudi ili watu waingiwe hofu na serikali ilazimike kufanya jambo flani. Mfano mabomu ya balozi za Marekani Agosti 7, 1998, Dar walikufa 11, Nairobi 213. Sa operesheni ni kumkamata muhusika leo, mkakati ni mpango mzima wa kuhakikisha kesho hapati hela, hapati pa kujificha, wala kijana wa kumrithi.

Umoja wa Mataifa ulipitisha wa kwake 2006, una nguzo nne: kushughulikia mazingira yanayozaa ugaidi, kuzuia na kupambana nao, kuzijengea nchi uwezo, na kulinda haki za binadamu na utawala wa sheria. Hiyo ya nne wengi wanaiona pambo, mi naona ndo injini.

Chukua mwalo wa Kibirizi hapa Ziwa Tanganyika, boti za Kongo na Burundi. Kapanda mgeni, mzigo hataki uguswe, kalipa nauli na chenji hadai, wa kwanza kushtuka ni nahodha, intelijensia badae sana. Atasema? Kama mwenzie alipeleka taarifa afu akawekwa ndani siku mbili yeye mwenyewe na jina likazagaa mwalo mzima, hasemi ng'o. Na ukianza kukamata watu kisa kanzu na ndevu (yani nusu ya Ujiji hiyo) umewapa magaidi vijana wa bure. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 ilitoa utafiti wa Afrika, iliwahoji waliojiunga na makundi hayo kwa hiari, 71% wakasema kilichowasukuma mwisho kabisa ni kitendo cha serikali, mfano ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa.

Mengine yanajulikana, kukata mrija wa hela, majirani kupeana taarifa maana ziwa letu hili peke yake lina nchi nne, na kesi kwenda mahakamani na ushahidi, sheria ya kuzuia ugaidi Tanzania tunayo tangu 2002.

Na bunduki? Zina kazi, mtu akishabeba bomu humwiti semina. Ila kashukia wapi na kapokelewa na nani, hayo anayajua nahodha.